Kiko kina likizo, mi sina

Jamani nani alinidanganya kwamba kiko ni starehe ya wazee waliotulia. Nimeacha sigara, nikarithi kiko cha marehemu baba mdogo, mbao yake ile ya briar inayotoka kwenye mizizi huko Mediterania, nikasema na mimi jioni nikae barazani hapa Chang'ombe upepo wa Dodoma unipulize kama mtu mwenye heshima zake. Kumbe nimeajiriwa.

Unavuta dakika 20 unasafisha nusu saa. Kwanza huruhusiwi kuchomoa mdomo wa kiko, kile kipande unachoweka midomoni, kikiwa cha moto, sharti kipoe, ukizungusha kikiwa na joto ile ncha inayoingia shingoni inaharibika. Mi nilizungusha. Sasa mdomo unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, nikivuta unalia fyuuu. Na ukikiacha juani mdomo unageuka kijani kijani hivi na uchungu juu, haya niambie Dodoma hii pasipo na jua ni wapi.

Halafu kuna kupitisha kiwaya chenye pamba shingoni. Majengo sokoni nimezunguka duka kwa duka, mmoja akanitolea waya wa kufungia banda la kuku. Basi mi fundi cherehani bwana, vitambaa na nyuzi ninazo, nikazungushia kwenye njiti ya fagio la chelewa, ikaingia vizuri tu, ikatoka nusu. Ile nusu nyingine nimehangaika nayo na spoku ya baiskeli mpaka kesho yake mchana, suruali ya mteja imelala haina pindo na mwenyewe kasimama mlangoni ananiangalia. Mzee mmoja pale kijiweni akacheka weee, akasema sisi tulikuwa tunatumia unyoya wa kuku. Na kweli unafanya kazi, unapinda unafuata tundu. Shida manyoya marefu yako mkiani kwa jogoo na jogoo ni wa jirani, siku hizi nikitoka tu na kiko mkononi jogoo anapanda juu ya bati.

Ndani nako kuna ukoko, kama wa wali, huo hautolewi wote, unaachwa unene wa sarafu hivi ulinde mbao isiungue, ukizidi sana kichwa cha kiko, pale panapokaa tumbaku, kinapasuka. Miezi minne nimeulea. Shemeji kaja kutembea siku mbili kautoa wote na stili waya, eti nimekuoshea shemeji, kilikuwa kichafu. Nikasema asante.

Na kikivutwa kinatakiwa kipumzike siku nzima unyevu ukauke. Siku nzima! Mi Sikukuu ya Idi nilikuwa kwenye cherehani mpaka saa sita usiku.

Sasa juzi kikaanza kutoa ladha ya maji ya mtaro. Dawa yake unajaza chumvi kichwani, unadondoshea spiriti, mi nikadondoshea konyagi (na mwenyewe nikaonja kidogo kuhakikisha), inalala usiku kucha, asubuhi chumvi imenyonya uchafu imekuwa ya kahawia. Nikaimwaga kwenye kisosi jikoni nikasema nitaitupa nikirudi.

Mchana tumekaa na ugali na mlenda. Tonge la kwanza tu watoto wameacha mikono hewani. Mama watoto akalitema lake taratibu akanigeukia, "Baba watoto, haya magadi ya kwenye kisosi umeyanunua wapi?"

Nikamwambia Kizota.