Spika ya Dashibodi ya Camaro: Kubadilisha au Kukarabati

Wamiliki wa Chevrolet Camaro za mwaka 1967 hadi 1969 wamegawanyika kwa muda mrefu juu ya kifaa ambacho abiria hata hakioni: spika moja ya inchi 4 kwa 10, iliyolazwa chini ya matundu ya juu ya dashibodi na kuelekeza sauti yake kwenye kioo cha mbele. Koni yake ya karatasi imekaushwa na jua kwa zaidi ya nusu karne, imepasuka, na sasa inakwaruza. Kundi moja linataka ing'olewe na kuwekwa mpya. Kundi la pili hutaka ipelekwe kwa fundi akaiwekee koni na koili (waya uliozungushwa unaoitikisa koni) mpya ndani ya fremu na sumaku yake ya awali, na kwa sababu hiyo huonekana watu wanaoabudu kutu. Tuhuma hiyo haiwatendei haki, kwa kuwa hoja yao iliyo nzito kuliko zote inahusu umeme.

Wanaotaka spika mpya wana haki ya kusikilizwa. Redio ya AM haikudai mengi kutoka kwa spika; sauti inayopita humo hukomea karibu na kilohezi 5, na kwa muziki wa leo unaotoka kwenye simu kiwango hicho ni duni. Soko nalo limeleta jibu la maana, yaani spika yenye koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), moja ikipokea sauti ya kushoto na nyingine ya kulia, ndani ya umbo lilelile la inchi 4 kwa 10. Huingia mahali pake bila kukata chuma. Kukarabati, kwa upande wake, kuna gharama na kungoja, na si kila mji una fundi wa kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba mjadala huu huendeshwa kana kwamba spika inajitegemea. Redio za chapa ya Delco zilizofungwa katika magari hayo ziliundwa kwa ajili ya spika ya omu 10, ilhali spika nyingi za magari zinazouzwa leo ni za omu 4. Kwa volti ileile, spika ya omu 4 huvuta mkondo mara 2.5 ya ule unaovutwa na spika ya omu 10, na ndiyo maana mafundi wa redio hizo huonya kwamba transista ya mwisho, ile inayoiendesha spika, iliyotengenezwa kwa elementi ya gerimani na isiyostahimili joto kama zile za silikoni, inaweza kuungua. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza sauti hutoka safi kabisa na mwenye gari hujipongeza. Redio ikizimika baadaye, uzee ndio hulaumiwa, na hakuna anayeikumbuka ile spika.

Hapo ndipo kazi ndogo hugeuka kubwa, kwa kuwa redio iliyoungua hubadilishwa kwa ya kisasa. Redio ya kisasa huhitaji tundu pana kuliko la awali, na dashibodi nyingi za magari hayo zilikatwa kwa sababu hiyo tu. Nyaya za zamani nazo hazifai kuunganishwa hivi hivi, maana katika redio ya kisasa waya wowote wa spika ukigusa bodi ya gari, amplifaya huweza kuharibika. Nyaya mpya zikishapitishwa, spika za milangoni hufuata, pamoja na matundu yake. Sisemi kila anayebadilisha spika hufika huko, lakini waliofika huko wengi walianzia kwenye spika.

Hata ulingano wa umbo hauaminiki sana. Spika nyingi za zama zile zilitumia sumaku ya alniko, yenye kobalti ndani yake. Mapigano ya mkoa wa Shaba, nchini Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), mwaka 1978 yalipopandisha bei ya kobalti, watengenezaji wa spika wengi walihamia sumaku za feriti, ambazo ni pana zaidi. Katika gari lenye kiyoyozi, upana huo hugombania nafasi na mabomba ya hewa.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Torino unaotaka mabadiliko yawe ya kuweza kurejeshwa na vipuri vya asili vitunzwe pamoja na gari. Kila kundi huudai mkataba huo kuwa wake, na kila moja lina sehemu ya haki.

Kwa maoni yangu, redio ya kwanza ikiwa bado nzima, spika yake ikarabatiwe. Ikiwa redio hiyo iliondolewa miaka mingi iliyopita, kukarabati spika ya omu 10 ni kupoteza fedha, na ile ya koili mbili ndiyo inayofaa. Aliyekwisha kuinunua na bado anatumia Delco anaweza kuunganisha koili hizo kwa mfuatano zikawa omu 8, kiwango kilicho karibu zaidi na 10. Kabla ya yote hayo spika ya zamani ipimwe kwa mita: iliyo nzima husoma pungufu kidogo ya omu 10, na isiyosoma chochote koili yake imekatika. Hiyo isiachwe ndani huku redio ikiwashwa kwa majaribio, kwa sababu kuiwasha Delco bila spika inayofanya kazi ni njia nyingine ya kuiunguza transista ileile.