Makazi ya wastaafu Marekani: ahadi ya kutohama tena

Kuna makazi ya wastaafu nchini Marekani yanayouza ahadi nzito: ingia ukiwa na nguvu zako, uishi kwenye nyumba yako, ukishindwa kuoga au kuvaa mwenyewe, wahudumu watakuja, dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu) ikikupata, jengo la kukutunza liko ng'ambo ya bustani. Wakenya wengi wa Massachusetts na Minnesota wanayajua kwa ndani, kwa kuwa riziki yao ni kuhudumia wazee. Sasa baadhi yao wana wazazi waliozeekea hukohuko, na swali la kuwapeleka au kutowapeleka limeingia sebuleni.

Wanaoyatetea makazi haya wana hoja nzito. Aghalabu dimenshia haiwapati mume na mke kwa pamoja. Nyumbani, aliye mzima ndiye askari wa usiku: anazima jiko lililosahauliwa, anamrudisha mwenzake anayefungua mlango saa nane za usiku akitaka kwenda kwenye kazi aliyostaafu zamani. Si ajabu mlezi kuanguka kabla ya mgonjwa. Palipo na nyumba za kujitegemea na jengo la dimenshia ndani ya ua mmoja, mume anaweza kula chakula cha mchana na mkewe kila siku, na usiku akalala. Tena kuhamishiwa mahali pageni humvuruga mwenye dimenshia, hivyo bustani aliyoizoea si jambo dogo.

Lakini nani anaamua kwamba siku ya kuvuka bustani imefika? Mikataba mingi huupa uongozi neno la mwisho, baada ya kushauriana na daktari na familia. Uongozi huohuo una maslahi yake: nyumba ikibaki wazi, hupewa mteja mwingine. Sisemi kila meneja ni mlafi. Nasema mwenye kufaidika asiachiwe uamuzi peke yake, hasa uamuzi wa kumweka mtu nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa namba za siri.

Fedha nazo zinatisha. Amana ya kuingilia mara nyingi hufika mamia ya maelfu ya dola, na bado kuna ada ya kila mwezi. Medicare, bima ya wenye miaka 65 na zaidi, hailipii malezi ya muda mrefu ya aina hii. Mikataba mingine huiacha ada ya mwezi karibu ilivyokuwa hata ukihamia kwenye uangalizi. Mingine hukutoza bei kamili ya wakati huo. Na amana si salama daima: The Harborside, makazi ya aina hii huko Port Washington, New York, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2014, 2021 na 2023, na wazee wakajikuta miongoni mwa wadai. Familia isiyoweza kustahimili hasara ya namna hiyo, kwa maoni yangu, isiuze nyumba yake ili iingie.

Hata jengo likipendeza vipi, halikuambii malezi yakoje. Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka wauguzi wasaidizi wa vituo vya uuguzi wapate angalau saa 75 za mafunzo. Vitengo vingi vya dimenshia haviguswi na sheria hiyo, viko chini ya kanuni za majimbo, ambazo zinatofautiana sana. Wageni hutembezwa mchana, wafanyakazi wakiwa wengi. Anayemtafutia mama yake mahali aombe kurudi saa tatu usiku, ahesabu wahudumu wa zamu, na awaulize wamekaa hapo kwa muda gani.