Usinakili nukta, nakili mtambo

Fonti nyingi za "kompyuta ya kizamani" zinazogawiwa bure zimetengenezwa kwa njia ya mkato. Mtu anachukua nukta zilizohifadhiwa kwenye chipu ya mashine ya miaka ya themanini, kila nukta anaigeuza kuwa mraba mmoja, anahifadhi faili, kazi imekwisha. Ukiifungua kwenye laptopu unaona herufi za ngazi ngazi zenye kona kali, kisha unaambiwa hivi ndivyo maandishi yalivyokuwa enzi zile. Sikubali. Waliokaa mbele ya skrini hizo za chogo hawakuwahi kuona kitu cha namna hiyo.

Chukua VT220, terminali (skrini na kibodi ya kuunganishwa na kompyuta iliyo kando) iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation (DEC) mwaka 1983. Ilionyesha mistari 24 ya maandishi, kila mstari herufi 80. Kila herufi ilipewa chumba cha nukta 10 kwa upana, na mwale wa elektroni unaochora picha ulipita hapo mara 10, mstari chini ya mstari. Piga hesabu: nukta 800 kwa upana, mistari 240 tu kwa kimo, juu ya kioo ambacho upana na kimo chake ni kama 4 kwa 3. Basi nukta haiwezi kuwa mraba. Kimo chake kinakaribia mara mbili na nusu ya upana wake. Anayechora miraba amekwisha kupotea kabla hajafika kwenye herufi A.

Na hapo bado hatujagusa umeme. Mwale wa elektroni hauwaki na kuzimika papo hapo. Nukta moja iliyo peke yake haipati muda wa kung'aa sawasawa, kwa hiyo nguzo ya herufi T ingetoka hafifu huku paa lake likiwaka vizuri. Wahandisi wa DEC waliweka sakiti ya kuirefusha kila nukta iliyowaka upande wa kulia, ili nguzo zipate unene. Kwenye ROM, ile chipu iliyohifadhi nukta, urefushaji huo haumo; unafanyika njiani, kati ya chipu na kioo. Ukinakili ROM peke yake unapata herufi zilizokonda ambazo hata waliozibuni hawakutaka zionekane hivyo. Ndiyo maana naiheshimu Glass TTY VT220, fonti ya Viacheslav Slavinsky: imeundwa kwa skripti, yaani programu fupi, inayouiga urefushaji wenyewe.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Bedstead ya Ben Harris.

Asili yake ni SAA5050, chipu ya kampuni ya Mullard ya Uingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya teleteksti, zile kurasa za habari na matokeo ya mpira ambazo BBC ilianza kuzirusha mwaka 1974 kupitia huduma yake ya Ceefax. Kampuni ya Acorn ya Cambridge iliiweka chipu hiyo ndani ya BBC Micro, kompyuta ya mwaka 1981 iliyoingia katika shule nyingi za Uingereza. Herufi za chipu hiyo zimehifadhiwa katika gridi ya nukta 5 kwa 9. Ni kidogo mno. Hata hivyo kwenye runinga zilionekana laini, zenye mabega ya mviringo.

Siri iko kwenye kanuni moja. Runinga za wakati ule zilichora picha kwa awamu mbili, kwanza mistari ya witiri halafu ya shufwa, na chipu iliambiwa iko awamu ipi. Hivyo iliweza kuchora nusu nukta. Ilipokuta nukta mbili zinazogusana kwa pembe tu, ilijaza vinusu kwenye makwapa yake, na ngazi ikageuka mshazari. Herufi ya 5 kwa 9 ikawa 10 kwa 18 bila kuhifadhiwa mahali popote.

Harris hakuchora matokeo. Aliiandika kanuni kama programu, akaipa nukta zilezile, nayo ikatoa mistari ya vekta, yaani inayochorwa kwa hesabu badala ya nukta, unayoweza kuikuza hadi ukubwa wa ukuta. Kazi yote akaiachia umma kwa CC0, tamko la kuachilia haki zote. Kwa hiyo ukitaka herufi ambayo Mullard hawakuwahi kuifikiria, unapanga nukta kwenye gridi, na kanuni inakuonyesha chipu ingeichoraje. Fonti iliyonakiliwa kwa picha haina jibu la swali hilo. Ni kama kumrithi fundi mabati yake bila nyundo.

Kisheria nafasi ipo. Marekani umbo la herufi halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni programu ya fonti. Ulaya ulinzi wa ubunifu wa umbo una kikomo cha miaka 25. Visingizio vya kutotumia leseni huria kwa herufi za mwaka 1983 ni vichache, na anayeziuza kwa leseni ya kufunga kila kitu simwelewi. Hata Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, walilibeba suala hili: toleo la 13 la mwaka 2020 liliongeza alama 212 za kompyuta za zamani, zikiwemo vijisanduku vya teleteksti.

Kiswahili hakikuwa na shida na mashine hizi. A hadi z na ritifaa ya ng' vilitosha. Jirani zetu ndio walioachwa nje. Kikuyu na Kikamba vinahitaji ĩ na ũ, na seti ya herufi za VT220, pamoja na kuitwa ya kimataifa, haina hata moja. Hapo ndipo fonti huria inapopata kazi ya maana kuliko kumbukumbu za wazee wa Cambridge.

Kazi yenyewe si rahisi. Katika gridi ya SAA5050 mwili wa u unachukua safu 5, mkia wa herufi kama g unachukua 2 za chini, kwa hiyo juu ya u zinabaki safu 2. Tilde, ile alama ya wimbi iliyo juu ya ĩ na ũ, inazihitaji zote mbili, na nukta zake za chini zitagusa mikono ya u; zikigusana kwa pembe, kanuni itaziunganisha na utapata kitu kinachofanana na o iliyobonyea. Unaweza kuilaza tilde iwe mstari mnyoofu, ila hiyo si tilde tena. Mimi ningeipandisha hadi safu tupu iliyo juu ya gridi, nikakubali kwamba mara mojamoja itagongana na mkia wa g ya mstari uliotangulia.