Mpimie dereva dizeli ya kushukia pia

Juzi nimepishana na trekta kwenye mteremko wa udongo huko Rhotia, Karatu. Tela limejaa mchanga, vijana watatu wamekaa juu yake, wa nne yuko kwenye madigadi. Mvua imetoka kunyesha, na dereva kaachia fri, yaani gia kaitoa. Aliposimama bondeni nikamuuliza kwa nini, akajibu bila kusita: "Dizeli nimepimiwa, kaka." Yaani anashuka fri ili aibane dizeli.

Hasira zangu si kwake. Anayempimia lita na kumlipa kwa tripu ndiye aliyeitoa ile gia.

Trekta likiwa kwenye gia, injini inalishika. Kwenye fri unabaki na breki tu, na matrekta yetu mengi yana breki za magurudumu ya nyuma peke yake. Tela halina kabisa. Hapo tani kadhaa za mchanga zinakusukuma, na udongo mwekundu umeshajaa kwenye meno ya tairi mpaka hayaonekani. Ukikanyaga, magurudumu yanaganda, trekta linaserereka, tela linakuja ubavuni na kulikunja. Ukitaka kurudisha gia katikati ya mteremko haiingii, inasaga tu, maana mwendo umeshaizidi injini. Na zile pedali mbili za breki zisipofungwa pamoja, unakanyaga upande mmoja na trekta linageuka ghafla. Madereva wa zamani wanajua: gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia, na unaiingiza ukiwa bado juu.

Kupanda nako kuna balaa lake. Mzigo ukifungwa juu ya ekseli badala ya kwenye ulimi wa kuvutia, pua inanyanyuka na trekta linamlalia dereva kabla mguu haujafika kwenye klachi.

Kuna na kile chuma cha kinga nyuma ya kiti, cha kumkinga dereva trekta likipinduka. Sweden walikilazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959. Sisi tunakikata ili trekta lipite chini ya matawi! Inaniuma sana.

Sawa, dizeli ni ghali, na kufunga breki kwenye tela si hela ndogo. Lakini wewe mwenye trekta, mpimie dereva wako dizeli ya kwenda na ya kushuka. Mvua ikinyesha, punguza mchanga. Na hao vijana wapakiaji wape nauli ya bodaboda, wasipande juu ya tela.