Mandhari ya skrini hayasemi yote kuhusu hulka

Kuna mtu ambaye, akifungua programu mpya, hubadilisha rangi, huhamisha vitufe na kukuza herufi kabla hajaandika hata neno moja. Mwenzake atatumia miaka mitatu sura ileile aliyoikuta. Wengi tutasema hapo ni hulka tu, na kwa kiasi ni kweli. Mwaka 1995 mtafiti Clifford Nass na wenzake, waliochunguza jinsi watu wanavyohusiana na kompyuta, walionyesha kwamba wenye kupenda kutawala walivutiwa na kompyuta iliyotumia lugha ya kujiamini, ilhali wanyenyekevu walipenda ile ya upole. Hivyo wanaotaka programu ijitengeneze kwa kufuata hulka ya mtumiaji wana pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba tendo moja hubeba sababu nyingi. Mtafiti wa matumizi ya kompyuta Wendy Mackay, katika utafiti wake wa mwaka 1991, aliona kuwa watu wengi walirekebisha programu zao baada ya toleo jipya kuingia, ili zifanye kazi kama zamani. Ukimtazama mtu huyo kwa mbali, anavyochokonoa mipangilio, utamdhania mpenda mapya. Kumbe anapigania kitufe chake kirudi pale mkono ulipozoea! Na anayechagua mandhari meusi huenda ana mtoto wa jicho, au mwanga mkali humletea kipandauso. Hilo halihusiani na uchangamfu wala ukimya wake.

Kubahatisha nako kuna gharama. Office 2000, programu za Microsoft za kazi za ofisini, ilijaribu kusoma mazoea tu, wala si hulka: ikaficha amri zisizotumika sana. Menyu ikawa leo hivi, kesho vile, na mtu akahangaika kutafuta alichokijua. Linalonitia hofu zaidi ni faragha. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa alama za "Like" za Facebook zinatosha kukadiria hulka ya mtu, hata imani yake ya dini na mrengo wake wa siasa. Programu inayonijua kiasi hicho kwa ajili ya kunichagulia rangi imechukua kingi mno.

Kwangu mimi, uchaguzi ubaki kwa mtumiaji. Sura ya kuanzia isomeke vizuri, kwa kuwa wengi hawataigusa kamwe, na mipangilio ionekane bila kuchimba menyu tano. Toleo jipya likija, likute alichochagua mtu na likiache kama kilivyo.