0400 si saa nne: marubani wa ndege ndogo na huduma za uwanjani Dodoma

Ujumbe niliomtumia muuza mafuta jioni ile ulikuwa mfupi: "Kesho lita 120, kuondoka 0400." Akajibu, "Sawa kaka." Saa 12:30 asubuhi nilikuwa nimeshafika uwanjani, ndege nimeikagua, vifuniko nimevitoa, na abiria wangu wanne, wahudumu wa afya waliokuwa wakienda upande wa Mbulu, wamekaa na maboksi yao ya dawa. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita, simu inaita haipokelewi. Saa nne kamili pikapu ikaingia na mapipa mawili na pampu ya mkono, kijana akashuka na kunisalimia kama mtu aliyetimiza ahadi.

Na alikuwa ameitimiza. Niliandika 0400 kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa ya anga ambayo Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu, kama tunavyojaza kwenye mpango wa safari ya ndege, na UTC 0400 kwa Tanzania ni saa moja asubuhi. Yeye alisoma nne, akaelewa saa nne.

Tangu siku hiyo nalitazama kwa jicho jingine lalamiko letu la siku zote sisi marubani wa ndege binafsi: kwamba huduma za uwanjani zinatuchelewesha, zinatuweka nyuma ya kila mtu na kututoza kama mashirika makubwa. Sehemu ya lalamiko hilo ni haki kabisa. Sehemu nyingine tunaisababisha wenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini saa tatu zina uzito kiasi hicho. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya moto ni nyembamba, na ndege hupima hewa, haipimi ramani. Asubuhi ya Oktoba, joto likiwa nyuzi 19, injini na mabawa hufanya kazi kama vile uwanja uko futi 5,000 hivi. Ikifika saa nne na nusu, joto likiwa nyuzi 28, uwanja uleule umeshapanda hadi futi 6,100. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwafundisha marubani wa ndege nyepesi kanuni rahisi: joto likiongezeka nyuzi 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa asilimia 20, uzito ukiongezeka asilimia 10, umbali huongezeka asilimia 20 nyingine.

Mtu atasema njia ya kurukia ya Dodoma inazidi mita 2,000, ndege ndogo kama Cessna haiwezi kuimaliza. Ni kweli, na kuondoka Dodoma hakukunitia wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa kule niendako. Kwenda Dar es Salaam tangu 2024 kuna treni ya SGR, kwa hiyo anayerusha ndege ndogo kutoka Dodoma mara nyingi anakwenda ambako reli na lami havijafika, kwenye viwanja vya vumbi. Kiwanja cha futi 5,500 katika nyanda za juu za Mbulu, joto likifika nyuzi 26, hufanya kazi kama kiko futi 8,100. Ningetua pale mapema na kuruka kurudi kabla ya saa tatu, hesabu ingekubali. Kwa ratiba mpya ningeruka jua la utosi. Ili kupunguza uzito, nilimwacha muuguzi mmoja na maboksi mawili. Nakumbuka alivyoyabeba kurudi getini bila kuuliza neno.

Tuanze na upande wetu. Rubani anayelalamika kwamba hapewi jibu la uhakika ana haki. Unapiga simu jioni, unaambiwa "njoo tu, tutakuhudumia." Ukifika, ndege ya abiria imetua, na kila mwenye fulana ya kung'aa amekwenda huko. Ukiuliza lini, jibu ni "sasa hivi." Ada nayo ina kisa chake: taasisi za umma hupokea malipo kwa ile namba inayoitwa na kila mtu kontroo namba, utaratibu mzuri uliopunguza mianya ya fedha kupotea, lakini mtandao ukisumbua alfajiri, ndege iliyokwisha jazwa mafuta inakaa ikisubiri tarakimu. Na Dodoma ni makao makuu ya nchi. Kiongozi wa kitaifa anapotua au kuondoka, shughuli nyingine husimama, na tangazo kwa marubani huweza kufika ukiwa umeshafunga mkanda.

Sasa simama upande wa pili wa ile pikapu. Ndege ya Air Tanzania aina ya Q400 ina viti 76, na Airbus A220 ina viti 132. Msimamizi mwenye watu wachache akichelewesha ndege hiyo kwa ajili ya Cessna yenye watu watano, amewakosea watu wengi kwa ajili ya wachache, na ratiba ya ndege ile itayumba hadi usiku. Simlaumu akituweka nyuma. Ningefanya vivyo hivyo.

Mafuta ndiyo magumu zaidi, na hapa wengi wetu hatumtendei haki muuzaji. Ndege za mashirika hutumia Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa, ambayo hununuliwa kwa maelfu ya lita. Ndege zetu nyingi za pistoni hutumia avgas, yale ya rangi ya buluu, na wanunuzi wake kanda ya kati ni wa kuhesabika. Anayeyaweka ameifungia fedha yake ndani ya mapipa akisubiri wateja wanaompigia simu usiku na kutaka mafuta alfajiri, kisha wengine wanaahirisha bila kumjulisha. Amekodi gari, amemwamsha kijana, ndege haipo. Akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu "sawa kaka" yake haitakuwa na uzito, na sioni kwa nini iwe nao.

Halafu kuna haraka yetu. Mafuta ya pipa lazima yachujwe na kuchukuliwa sampuli. Kijana yule, pamoja na kuchelewa kwangu kote, alikataa kuanza kupampu kabla ya kunikabidhi chupa. Niliinyanyua kwenye mwanga: buluu safi, na chini kabisa, ukubwa wa punje ya mtama, tone la maji likitembea kila nilipoinamisha chupa. Tulimwaga, tukachukua nyingine, ikatoka safi. Dakika kumi na mbili. Maji hayaungui, na yakifika kwenye injini wakati wa kuruka hakuna nafasi ya kujadiliana. Rubani anayemfokea mtu kama huyu kwamba anapoteza muda anamfundisha siku nyingine asichukue sampuli.

Wenzangu wengi watasema dawa ni rahisi: jaza jioni. Tenki likiwa limejaa, unyevu wa usiku haupati nafasi ya kutengeneza maji ndani, na asubuhi humtegemei mtu. Nilikuwa na imani hiyo miaka kadhaa. Lakini chukua Cessna 206, ndege ya kazi ya nchi hii. Tenki zake hubeba karibu lita 330 za kutumika, yaani kilo 237 hivi, katika ndege isiyoruhusiwa kuruka ikizidi kilo 1,633. Ukishajaza usiku halafu asubuhi abiria akaja na mzigo asiousema, au kule uendako pakawa na joto kuliko ulivyotarajia, mafuta hayo hayatolewi kirahisi. Unaanza kupunguza watu badala ya lita. Kwa hiyo sasa najaza nusu jioni, kiasi cha kuniruhusu kuondoka hata pikapu isipotokea kama safari ni fupi, na kinachobaki nakiagiza asubuhi baada ya kupima mizigo. Wanaokwenda kwenye viwanja virefu vya lami wataona najisumbua bure, na kwa safari zao wana haki.

Jambo linalotugawa zaidi ni kulazimishwa kumlipa wakala wa huduma za uwanjani kwa ndege unayoweza kuisukuma kwa mkono. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 1996 iliyofungua viwanja vikubwa kwa ushindani wa watoa huduma na kuwapa watumiaji, kuanzia kiwango fulani cha abiria, haki ya kujihudumia. Marekani, kampuni zinazohudumia ndege binafsi hushindana kwenye viwanja vingi, ingawa huko nako marubani wanalalamikia ada zake. Hoja ya wanaotaka wakala awe lazima ni ya usalama: eneo la maegesho si stendi ya bodaboda, panga la injini halionekani likizunguka, na mgeni asiye na mwongozaji anaweza kuwapitisha abiria nyuma ya Q400 inayowasha injini. Hoja hiyo naikubali kwa abiria na kwa mafuta. Siikubali kwa kuweka vigingi vya magurudumu, kufunga kamba na kubeba begi langu mwenyewe. Ada inayopangwa bila kutofautisha ndege ya tani moja na nusu na ya tani sitini inamsukuma mwenye ndege ndogo aende kujaza mafuta kwenye mapipa ya porini, mahali ambako hakuna atakayemshikisha chupa ya sampuli.

Lakini narudi kwenye ile 0400, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Mpango wa safari tunaotakiwa kuuwasilisha angalau dakika 60 kabla ya kuondoka huenda kwa waongoza ndege. Haufiki kwa muuza mafuta. Haufiki kwa mtu wa getini wala kwa anayetayarisha ankara. Rubani anaujaza, anaona ameshaujulisha uwanja mzima, kumbe amezungumza na mnara peke yake. Kila mwingine ana saa yake kichwani: mmoja UTC, mwingine saa ishirini na nne, wengi wetu saa ya Kiswahili. Sifuri saba sifuri sifuri ya rubani mgeni inaweza kuwa saa saba mchana kwa msikilizaji mmoja na saa moja asubuhi kwa mwingine, ilhali mwenyewe alikusudia saa nne.

Kwa hiyo nadai pande zote mbili, ila kwa uzito tofauti. Rubani ndiye anayeijua safari, basi yeye ndiye wa kuanza kusema: jioni, kwa saa ya hapa, kwa maneno siyo tarakimu, na kutoa taarifa akiahirisha hata kama ni saa nne usiku. Mtoa huduma naye airudie saa hiyo kwa maneno yake na kusema ukweli kama kuna ndege kubwa mbele. Hili la pili nalisisitiza zaidi, kwa sababu ndilo tusiloweza kulifanya wenyewe. Kuambiwa "hutapata mafuta kabla ya saa tatu" siku moja kabla si kunyimwa huduma. Ningeondoa abiria mmoja mapema, au ningehamisha safari kesho yake, na muuguzi yule asingeketi saa tatu kwa ajili ya kurudi nyumbani.

Msalato, uwanja mpya wa Dodoma wenye njia ya mita 3,600, utafanya haja hii iwe kubwa zaidi. Umbali kutoka ndege ndogo hadi ofisi hautakuwa wa kutembea kwa miguu, na kumfuata mtu mlangoni kumuuliza kulikoni, jinsi tulivyozoea, hakutawezekana.

Kijana wa pikapu bado ananiuzia mafuta. Sasa naandika "saa moja kamili asubuhi, mafuta saa kumi na mbili na nusu," naye hujibu kwa kurudia vyote viwili pamoja na idadi ya lita. Juzi kati aliongeza mstari ambao sikuuomba: kesho kuna msafara, ukishindwa kuondoka kabla ya saa mbili utakaa hadi mchana. Niliwapigia abiria wote watatu usiku uleule, wakaja saa kumi na moja alfajiri.