Simba wa Kanda ya Ziwa na mnyoo wa kichocho
Eti simba ndiye mnyama wa kuogopwa kuliko wote Kanda ya Ziwa? Sikubaliani. Simba akiingia kijijini mwano, yaani yowe la kuita watu, unapigwa, watu wanatoka na mikuki. Mnyoo wa kichocho cha tumbo, wa sentimita 1 hivi, hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo miaka 3 hadi 10, jike likitaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine hunasa kwenye ini, bandama huvimba, mwisho mtu anatapika damu. Viluwiluwi vyake, vinavyompenya mtu ngozini, humtoka konokono wa majini kwa wingi jua likiwa kali, saa 4 hadi saa 8 mchana, watoto wakiwa majini. Dawa yake, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, haiui minyoo michanga, ndiyo maana mtu humeza dozi na baada ya wiki kadhaa mayai yanaonekana tena chooni. Kwenu wavuvi hupewa dawa, au ni watoto wa shule tu?